London hadi Sydney ni kilomita 17,000. Sasa nani kakwambia ni saa 19?

Kipanga (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nafungua uzi huu baada ya kubishana na mwenzangu kazini karibu wiki nzima. Jamaa kachukua simu, katafuta umbali wa London hadi Sydney, kapewa kilomita 17,000 na kidogo. Kagawa kwa 900, maana ndiyo kasi ya ndege ambayo kila mtu anaijua, kapata saa 19 kasoro. Halafu kaangalia tiketi, kakuta saa 23. Akahitimisha kwamba mashirika ya ndege yanatuzungusha makusudi. Nilicheka, lakini nilipotaka kumweleza nikajikuta natapatapa. Nimekaa, nimechimba, nawasilisha.

Kwanza umbali wenyewe. Ramani ya ukutani inatudanganya, na haidanganyi kwa bahati mbaya. Gerardus Mercator alipochora ramani yake mwaka 1569 aliwalenga mabaharia. Alitaka nahodha akichora mstari kwa rula aweze kuufuata kwa dira bila kubadili mwelekeo. Gharama yake ni kwamba nchi zilizo karibu na ncha za dunia zinavutwa na kutanuka, na mstari ulionyooka kwenye karatasi sio njia fupi tena.

Ukitaka njia fupi, tafuta tufe la dunia na kipande cha uzi (ndiyo, uzi ndani ya uzi). Bana ncha moja London, nyingine Sydney, kaza. Utashangaa. Sydney iko kusini-mashariki, lakini uzi unatoka London ukielekea kaskazini-mashariki! Unapita upande wa Baltic, unakata Urusi, Asia ya Kati, China, halafu ndio unashuka Asia ya Kusini-Mashariki kwenda Australia. Hilo ndilo linaitwa duara kuu, na zile kilomita 17,000 ni urefu wa huo uzi.

Wapenda hesabu: pembe kati ya miji hiyo, ukiipima kutoka kitovu cha dunia, ni kama nyuzi (digrii) 152.8. Digrii moja ni takriban kilomita 111.2. Zidisha, unapata karibu 17,000. Na kwa kuwa mzunguko mzima wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075, hakuna miji miwili inayoweza kuachana zaidi ya kilomita 20,000 hivi. London na Sydney wamekula asilimia 85 ya umbali wote unaowezekana hapa duniani.

Mpaka hapo jamaa yangu yuko sawa. Kosa lake linaanzia kwenye kugawa.

Mwaka 2019 shirika la Qantas la Australia lilirusha ndege za majaribio, Boeing 787-9 zilizobeba watu wachache. Ya Oktoba ilitoka New York hadi Sydney bila kutua: kama kilomita 16,200 kwa saa 19 na dakika 16. Ya Novemba ilitoka London hadi Sydney: kama kilomita 17,800 kwa saa 19 na dakika 19. Soma tena hizo namba. Safari ya pili ni ndefu kwa kilomita 1,600, lakini imechelewa kwa dakika TATU. Aina ya ndege ni ileile. Ya kwanza ilikwenda kwa wastani wa kilomita 840 hivi kwa saa, ya pili 920.

Tofauti kubwa hapo ni upepo. Kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, ambako ndege hizi hutembea, kuna mikondo ya upepo inayotoka magharibi kwenda mashariki. Mara nyingi inapita kilomita 160 kwa saa, na siku ikichachamaa inafika 300 na zaidi. Ukienda mashariki inakusukuma mgongoni. Ukienda magharibi unakula mbisho. Mabaharia wetu walishasema pepo za mbisho huwafika wendao joshi, na huko juu hakuna hata pa kutia nanga usubiri zitulie.

Na tazameni jambo jingine: uzi unasema 17,000, ndege imekwenda 17,800. Hizo 800 za ziada sio uzembe. Rubani anakwepa dhoruba, anafuata njia za anga zilizopangwa, anakwepa maeneo yaliyofungwa, na wakati mwingine anaongeza umbali kwa hiari ili akaudake upepo mzuri. Umbali wa ramani haubadiliki, ila muda una sura mpya kila siku.

Karibuni. Povu ruksa.

Fundi Rula

Mkuu umeeleza vizuri ila hujajibu swali la jamaa yako. Hizo ulizotaja ni ndege za majaribio, hazikuuza tiketi. Saa 23 za kwenye tiketi zimetoka wapi?

Kipanga

Haki yako, niliruka hapo.

Watu wengi London–Sydney wanakwenda kwa kutua sehemu moja. Ajabu ni kwamba kutua hakuongezi umbali kama tunavyodhani. London–Singapore ni kama kilomita 10,880. Singapore–Sydney ni kama 6,300. Jumla 17,180. Umezidisha kilomita 180 tu juu ya uzi ulionyooka! Ukipitia Dubai inakuwa kama 17,500. Hata ukiamua kuzunguka upande wa pili kupitia Los Angeles ni 20,800 hivi, maana Sydney iko mbali kwa kila njia.

Kwa hiyo saa zinaliwa ardhini. Ndege inashuka, inasogea hadi getini, mnatoka, mnakaguliwa upya, ndege inajazwa mafuta, mnaingia, mnasubiri foleni ya kuruka. Halafu ujue kwamba muda wa kwenye ratiba haupimi muda wa hewani. Unaanzia ndege inapoondoka getini hadi inapofika getini, na mashirika huongeza dakika za akiba humo ili ndege zisionekane zimechelewa. Ndiyo maana wakati mwingine rubani anatangaza kwa majivuno kwamba "tumewahi dakika 25". Hamjawahi chochote, mmetumia akiba tu.

Msafiri Mvivu

Swali la kijinga, msinicheke. Dunia inazunguka kwenda mashariki. Kwa nini ndege isiruke juu, isimame hapohapo, isubiri Sydney ije chini yake?

Baharia2

😂😂😂 Nimesoma hii nikiwa kwenye kikao, nimefukuzwa.

Tiara

Sio la kijinga. Kwenye ikweta ardhi inazunguka kwa kilomita 1,670 hivi kwa saa, kwa hiyo wazo lina mantiki. Tatizo ni kwamba hewa nayo inazunguka pamoja na ardhi, na ndege imo ndani ya hewa hiyo tangu ikiwa chini. Inzi aliyeko ndani ya basi haachwi nyuma basi likitembea, hata kama hajakaa kwenye kiti. Ndege ni huyo inzi.

Ila mzunguko huohuo ndio unaochangia kuipinda mikondo ya upepo aliyoisema Kipanga ielekee mashariki. Kwa hiyo dunia inatusaidia, ila kwa mlango wa nyuma.

Fundi Rula

Tuongeze mfano kwenye hoja ya upepo, maana naona ndio utamu wa uzi huu. Delhi hadi San Francisco. Air India walikuwa wanapita upande wa Atlantiki, kama kilomita 13,900. Oktoba 2016 wakageuza, wakaanza kwenda kwa upande wa Pasifiki, kama kilomita 15,300. Yaani wameongeza kilomita 1,400, na safari ikawa FUPI kwa saa karibu mbili, kama saa 14 na nusu. Upande wa Atlantiki walikuwa wanapigana na upepo, upande wa Pasifiki upepo unawabeba. Jamaa wa kazini kwako agawe hiyo kwa 900 tuone.

Na ule mfano maarufu: London na New York ni kilomita 5,550 hivi. Kwenda New York jiandae na saa 7 na nusu hadi 8. Kurudi ni kama 6 na nusu. Februari 2020 dhoruba ilipovuma Atlantiki, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56.

Baharia2

Hiyo ndege ilivunja kasi ya sauti basi?

Fundi Rula

Hapana. Kasi dhidi ya ardhi ilipita kilomita 1,200 kwa saa, lakini ndani ya hewa iliyokuwa inaibeba ilikuwa na mwendo wake wa kawaida. Ukitembea kwenye ngazi ya umeme hujawa mkimbiaji.

Iliyovunja kasi ya sauti kweli ni Concorde. Tarehe 7 Februari 1996 ilikwenda New York–London kwa saa 2, dakika 52 na sekunde 59. Lakini tangi lake lilitosha kuvuka Atlantiki na kidogo tu. London–Sydney ingebidi itue na kutua tena.

Mzigo Mkubwa

Nimepita uzi wote, mmesahau siasa. Njia haipangwi na upepo peke yake. Chukua Helsinki na Tokyo. Umbali ni kama kilomita 7,800 na ndege ilikuwa inakata Urusi moja kwa moja, saa 9 na nusu hivi. Mwaka 2022 anga la Urusi likafungwa kwa mashirika ya Ulaya. Finnair, shirika la Finland, wakabaki na mawili: kuzungukia kusini, au kupita juu ya Ncha ya Kaskazini. Safari ikawa kama saa 13. Helsinki haijahama, Tokyo haijahama.

Kwa wazee hii si mpya. Wakati wa Vita Baridi ndege za Ulaya kwenda Japani zilikuwa zinapita karibu na ncha na kutua Anchorage, Alaska, kujaza mafuta. SAS, shirika la Skandinavia, walianza njia hiyo kutoka Copenhagen mwaka 1957. Tumerudi kule kule, ila safari hii bila kutua Anchorage.

Na hapa nampinga mleta uzi kidogo. Ule uzi wako wa London–Sydney unaokata Urusi ni uzi wa kwenye tufe tu. Ndege za mashirika ya Uingereza haziufuati kwa sasa. Ukisema "umbali ni 17,000" bila kusema njia imefungwa, unampa mtu namba isiyomsaidia.

Kipanga

Nakubali nusu. Namba inamsaidia kama kipimo cha chini kabisa: chini ya hapo haiwezekani. Juu ya hapo ndio tunaanza kuongeza upepo, siasa na kutua. Ila ni kweli nilipaswa kusema.

Tiara

Kuna kitu kinaniuma kila nikisoma matangazo: neno "moja kwa moja". Sisi tukilisikia tunaelewa haitui popote. Kwa mashirika, maana yake inaweza kuwa namba ya ndege ni moja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Mfano Qantas QF1, Sydney hadi London, inatua Singapore, na namba ni ileile. Unaweza kukata tiketi ukijua umepata mteremko, kumbe mnashushwa katikati. Uliza "inatua?" usiulize "ni moja kwa moja?"

Zisizotua kabisa kwa safari ndefu hivi ni chache. Singapore–New York, kama kilomita 15,300, zaidi ya saa 18 hewani. Perth–London, kama 14,500, saa 17 hivi, ilianza Machi 2018. Auckland–Doha nayo imo humo humo.

Msafiri Mvivu

Swali la pili la kijinga. Kama ndege inaweza kwenda 15,300, kwa nini isiongezewe mafuta ifike 17,000?

Fundi Rula

Kwa sababu mafuta yana uzito, na kubeba uzito kunakula mafuta. Lita unayoongeza kwa ajili ya saa ya 19 inabebwa saa 18 nzima kabla haijatumika, na yenyewe inahitaji mafuta ya kuibeba. Mwishowe ndege inajaa mafuta na nafasi ya abiria inakwisha, na abiria ndio wanaolipa.

Agosti 1989 Qantas walitoka London hadi Sydney bila kutua kwa Boeing 747-400, saa 20 na dakika 9. Unajua walivyofanya? Hakukuwa na abiria wa kulipa, mafuta yalikuwa ya aina maalumu yenye uzito mkubwa kwa kila lita, na ndege ilivutwa kwa trekta hadi karibu na njia ya kurukia ili isichome tone kwa kutambaa. Sasa wameagiza Airbus A350-1000 zenye tangi la ziada ili wafanye biashara ya njia hiyo. Miaka zaidi ya 30 kutoka "inawezekana" hadi "inalipa".

Baharia2

Watoto wa siku hizi mnalalamikia saa 23. Desemba 1947 safari ya Sydney–London kwa Lockheed Constellation ilikuwa siku nne. Darwin, Singapore, Calcutta, Karachi, Cairo, Tripoli. Mnalala njiani kama msafara wa ngamia.

Mzigo Mkubwa

Niseme na langu la kweli. Nilikata tiketi mbili tofauti ili nipunguze gharama. Ya kwanza inanifikisha Tokyo, ya pili inatoka Tokyo baada ya saa tatu na nusu. Nikajipongeza. Nimefika ndio nagundua nimetua Narita na ndege ya pili inatoka Haneda. Kati ya viwanja hivyo ni zaidi ya kilomita 60. Nilikimbia na masanduku mawili, nikafika kaunta imefungwa dakika kumi zilizopita. Na kwa kuwa tiketi zilikuwa mbili, hakuna aliyewajibika kunibeba. Nililala kwenye kiti cha chuma.

Sasa nasoma zile herufi tatu za kiwanja kabla sijasoma bei. NRT na HND ni mji mmoja kwa jina tu. London nako kuna LHR na LGW, New York JFK na EWR, yote yale yale.

Tiara

Pole mkuu. Afadhali wewe ulikosea kiwanja. Kuna watu wamewahi kukata tiketi ya Sydney wakashuka Sydney ya Nova Scotia, Canada. Hiyo ni YQG au YQY, sikumbuki, ila sio SYD.

Fundi Rula

YQY. YQG ni Windsor, Ontario. Herufi moja tu na umebadilisha jimbo 😄

Neema ya Njia

Wakuu, nimekuwa msomaji kimya, ila sasa nina tiketi mkononi na nimechanganyikiwa. Desemba hii. Kuondoka London Jumatatu 20:30, kufika Sydney Jumatano 06:30. Nimehesabu saa 34! Mbona mnasema 23? Na kurudi ndio maajabu: kuondoka Sydney 16:00, kufika London kesho yake 05:00. Saa 13. Kwenda 34, kurudi 13? Huo upepo gani?

Kipanga

Dada, hapo upepo hauhusiki. Saa za kwenye tiketi ni za mji husika, kila moja na ya kwake. Na zisome kwa saa 24: 20:30 ni saa mbili na nusu usiku, usije ukafika uwanjani asubuhi.

Desemba Sydney iko mbele ya London kwa saa 11. Unapoondoka London Jumatatu 20:30, Sydney tayari ni Jumanne 07:30 asubuhi. Kutoka hapo hadi Jumatano 06:30 ni saa 23. Kurudi vivyo hivyo: Sydney ikiwa 16:00, London ni 05:00 alfajiri ya siku hiyohiyo. Ukifika kesho yake 05:00, umetumia saa 24 kamili. Saa moja zaidi ya kwenda, na mbisho umo humo.

Kanuni: kwenda mashariki, ondoa tofauti. Kurudi magharibi, ongeza.

Tiara

Angalizo tu: hiyo 11 usiikariri. Miji yote miwili inasogeza saa majira yakibadilika, na majira yao yamepishana. Julai tofauti ni saa 9. Kuna wiki chache za Oktoba, na nyingine mwishoni mwa Machi, inakuwa 10. Na ukivuka mstari wa tarehe wa Pasifiki ndio kabisa: unaondoka Auckland jioni, unatua Los Angeles mchana wa siku hiyohiyo, yaani "kabla" hujaondoka.

Neema ya Njia

Asanteni sana, nimeelewa. Sasa nimeangalia tena: kwenda natua Singapore, kurudi natua Dubai. Hapo katikati kwenda nina saa moja na dakika 20. Inatosha?

Mzigo Mkubwa

Tiketi ni moja au mbili?

Neema ya Njia

Moja.

Mzigo Mkubwa

Kiwanja ni kilekile?

Neema ya Njia

SIN kufika, SIN kuondoka.

Mzigo Mkubwa

Basi lala usingizi. Ukichelewa ni juu yao kukutafutia nyingine. Ila vaa viatu vya kukimbilia.